Vanga: mji wa bibi yangu uliobaki upande wa pili wa mpaka

Mtoto wa Moa

Assalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Nimerudi Tanga juzi baada ya kukaa siku sita Vanga, na moyo hauniruhusu kunyamaza. Humu jukwaani nyuzi za Kilwa, Bagamoyo, Lamu na Mji Mkongwe zimejaa mpaka basi. Ya Vanga sijaona hata moja. Wengi wetu tunapita Horohoro kwenda Mombasa, tunagongewa muhuri, tunarudi kwenye basi, tunalala mpaka Likoni. Ukishavuka Lungalunga, mkono wa kulia kuna njia inayoshuka baharini. Mimi nimeipita miaka na miaka bila kuuliza inakwenda wapi, kumbe inakwenda kwa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alizaliwa Vanga, akaolewa Moa, huku kwetu Mkinga. Upepo ukiwa mzuri, mashua inatoka huku asubuhi na adhuhuri mtu ameshafika. Bibi hakuwahi kusema "nakwenda Kenya". Alisema "naenda kwetu", na sisi wajukuu tulijua atarudi na nguru mkavu, chupa ya mafuta ya nazi, na habari za nani kamuoa nani. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo kaka yake bibi akafariki. Habari ililetwa na mvuvi, arobaini ikiwa imeshapita. Mama anasema bibi alitandika jamvi uani, watu wa Moa wakaja kumpa pole kwa maiti aliyekwisha kuzikwa zamani. Hakulia mbele ya watu. Alikuwa akiuliza kitu kimoja tu kwa yule mvuvi: nani alimwosha?

Basi nilikwenda kuzuru kaburi la huyo babu na kuwaona waliobaki. Nitaandika kwa vipande maana natumia simu.

Mtoto wa Moa

Naendelea.

Pale Lungalunga nilipata bodaboda, kijana wa Kidigo mpole sana. Njiani tukapita mashamba ya minazi na mikorosho, vumbi tele, kisha ardhi ikaanza kuwa tambarare na nyeupe kwa chumvi. Vanga unaijua kwa pua kabla hujaiona: harufu ya tope la mikoko na samaki wanaokauka juani. Mji wenyewe umekaa chini kabisa, mikoko imeuzunguka, na mto Umba unamwaga maji yake hapo hapo jirani.

Nilifikia kwa mjomba, mtoto wa yule babu aliyefariki mpaka ukiwa umefungwa. Nilimpa shikamoo akaniitikia, akanishika kidevu akanitazama, akasema "uso wa Moa huu, lakini paji la Vanga." Sijui kama nitakuja kusahau hiyo kauli.

Sasa nataka niwaonyeshe kitu kimoja ili mwelewe ni mji wa namna gani. Nilifika mwezi unakaribia kuwa mpevu, yaani bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Siku ya tatu, kwenye saa kumi jioni, nimekaa barazani na mkaza mjomba. Anakaanga samaki kwenye jiko la makaa. Katikati ya mazungumzo akanyanyuka, akaliweka jiko juu ya kigoda kirefu, akakunja mkeka akautundika, akaondoa kiroba cha unga sakafuni. Hakuacha kuzungumza hata mara moja. Mimi bado sijaelewa. Ndipo nikaona mchanga wa uchochoroni unabadilika rangi, unakuwa mweusi, halafu unang'aa. Maji ya bahari yalikuwa yanaingia mjini kimya kimya. Yakafika kwenye kizingiti, na samaki wadogo wadogo ndani yake. Watoto wakatoka na vyandarua vikuukuu kuwakimbiza.

Baada ya muda maji yakaanza kurudi. Mkaza mjomba akachukua ufagio wa chelewa akaanza kusukuma tope litoke mlangoni *pamoja na* maji. Akanieleza: "Ukingoja yaishe yote, tope labaki kwako. Wafagia yakiwa yaondoka, bahari yabeba takataka yake yenyewe." Ukutani kwake kuna mistari ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, na ule wa juu kabisa unanifika magotini.

Mzee mmoja aliniambia zamani maji ya bamvua yaliishia kwenye mikoko. Watu wakakata boriti, wakakata kuni, wakachoma chokaa, na mikoko ikarudi nyuma.

Ngamiani Kati

Mkuu uzi mzuri sana, endelea. Swali la haraka: Mtanzania anahitaji nini kufika huko? Na kuna nyumba ya kulala wageni?

Mtoto wa Moa

@Ngamiani Kati, pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau. Pita Horohoro ugongewe muhuri, usidanganywe na njia za panya hata ukiambiwa "hapa wote ndugu". Kutoka Tanga mjini mpaka Horohoro ni lami kilomita 65. Badilisha hela ya kutosha hapo mpakani. Mimi nililala kwa ndugu, kwa hiyo habari za gesti siwezi kukuhakikishia. Wengi hulala Shimoni au Diani wakaja Vanga kushinda.

Kingine: tazama mwezi kabla ya kupanga safari. Ukitaka kutembea mji mzima kwa miguu, nenda wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana. Ukitaka kuingia mikokoni kwa mtumbwi, nenda bamvua.

Wasini Yetu

Ndugu Mtoto wa Moa, umenitoa machozi na hilo la arobaini. Kwetu pia kuna msiba kama huo, ila wetu ulikuwa upande wenu.

Niongezee kidogo kwa wasiojua. Watu wa asili wa Vanga ni Wavumba, na lugha yetu twaiita Chivumba. Tuko Wasini kisiwani, tuko Vanga, tuko kijiji cha Jimbo, na tuko upande wa Tanzania vilevile. Katikati yetu kuna Wasegeju na Wadigo, na hao pia wako pande zote mbili. Mtu akiniuliza mimi Mvumba wa nchi gani, huwa namwambia Vumba ilikuwa na Diwani, yaani mtawala wake, kabla mtu yeyote hajachora ramani.

Mji wa kwanza ni Vumba Kuu, magofu yake yako hapo karibu na mpaka. Utawala wake ulikuwa wa Diwani, na alama za utawala zilikuwa siwa, lile baragumu kubwa, na ngoma. Wazee husimulia vita na miji ya Washirazi ya pwani hii, Vumba ikashinda, na baada ya hapo viatu na mwavuli havikuwa vitu vya kila mtu kuvaa na kushika mbele ya Wavumba. Baadaye masharifu wa Ba-Alawi wakashika udiwani. Masimulizi hayo Mwingereza Hollis aliyakusanya akayachapa mwaka 1900, lakini kwetu yalikuwa yakisimuliwa barazani hata angekuwa hakuja. Vumba Kuu ilipohamwa, watu ndipo wakatawanyika Wasini na Vanga.

Je, ulifika Vumba Kuu?

Mtoto wa Moa

Nilifika. Na naomba radhi, kwenye kipande cha kwanza nilitaka kuandika kwamba Vanga *ndiyo* Vumba. Umenisahihisha kabla sijakosea.

Tulikwenda na mjomba pamoja na mzee mwingine, asubuhi, jua halijakuwa kali. Mtu aliyezoea Gede au Kilwa Kisiwani atauliza "viko wapi?" Kuna mabaki ya msikiti, kuna mawe ya ukuta uliouzunguka mji, na kwingine ni nyasi na miti. Nilijisikia mnyonge kidogo. Nilikuwa nimebeba simu yenye chaji kamili nikitegemea kupiga picha mia.

Yule mzee akaona uso wangu. Akaniambia niiname. Chini, kila hatua, kuna vigae. Vipande vya vyungu vya udongo, vingine vina michoro ya kucha ya mfinyanzi pembezoni. Akaniambia tusiokote, tutazame tu, tukatazama. Waakiolojia waliochimba hapo wamekuta kwamba nyumba nyingi za Vumba Kuu zilikuwa za miti na udongo, na mawe yalikwenda kwenye msikiti na ukuta. Kwa hiyo ukitafuta majumba huyapati. Ukubwa wa mji ulikuwa mahali pengine, ulikuwa kwenye watu kula pamoja. Mzee alivyoeleza, Diwani hakuwa Diwani kwa kuzaliwa tu, ilibidi alishe watu: Wavumba wenyewe, na majirani Wasegeju na Wadigo, mpaka wakiri kwamba wamelishwa. Vile vigae ni vyombo vya karamu hizo, au vya vyakula vya kila siku, nani atatofautisha sasa.

Kwetu Moa, harusi ikifika, lazima sahani itoke iende kwa jirani wa kabila lingine kabla ya ndugu kula. Nilidhani ni adabu ya bibi yangu tu.

Chumbageni Jr

Samahani lakini niseme ukweli wangu. Mimi nimefika Vanga kikazi. Mji mchafu, maji ya chumvi, barabara mbovu, magofu hakuna. Lamu ina majumba, ina milango ya nakshi, ina makumbusho. Mtu asafiri mpaka Vanga akaone nini? Tusiwadanganye watu kwa sababu ya mapenzi ya bibi.

Mtoto wa Moa

@Chumbageni Jr, nakujibu kwa heshima kwa sababu swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi pia siku ya kwanza.

Ni kweli milango ya nakshi utaitafuta. Ni kweli maji ya kunywa ni shida na tope lipo. Lakini uliuliza nani pale? Mimi nilikaa barazani kwa siku sita na nilisikia Chivumba, Kidigo na Kisegeju kwa asubuhi moja, mtu mmoja akigeuza ulimi mara tatu kulingana na anayepita. Nilimwona fundi wa madau akipiga kalafati, yaani akiziba nyufa za mbao, kwa pamba na mafuta ya papa, na kila ubao ana jina lake. Nilikula mahamri na mbaazi, mkaza mjomba akaniambia nyinyi Tanga mnayaita maandazi na mnayapunguza iliki. Hayo nayo ni turathi, na haya ndiyo yanayokufa kwanza, kwa sababu jiwe linasubiri na mzee hasubiri. Yule mzee aliyenipeleka Vumba Kuu ndiye mmoja wa wachache wanaojua majina ya viambo vyote mle ndani. Akiondoka, pale patakuwa msitu wenye mawe.

Lamu inapendwa na inastahili. Vanga haijaulizwa.

Kisosora

Chumbageni Jr, kaka, kama unataka historia ngumu ya mawe na risasi basi ipo, tena nusu saa tu kutoka hapo. Uzi huu haujataja Jasini.

Ngoja nianze na mpaka wenyewe, maana hapo ndipo ulipoanzia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana bara. Mstari wao ulianzia kwenye mdomo wa mto huu huu, kwenye hati yao umeandikwa "Wanga au Umbe", ukaenda Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia Ziwa Nyanza (Victoria). Yaani katika pwani yote ndefu ya Afrika Mashariki, Vanga ndiyo ilipata kalamu. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, akaachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani. Mwaka 1890 Wajerumani wakaununua upande wao kwa mark milioni 4. Upande wa Waingereza ukabaki wa Sultani kwa jina, wao wakiutawala.

Halafu mwaka 1893 wakarudi tena kupima, safari hii mstari ukaanzia Ras Jimbo, kusini kidogo ya mdomo wa Umba, na Vanga ikabaki kwa Waingereza bila ubishi. Ukisimama Jimbo leo unasimama penye alama hiyo. Hata mpaka wa baharini ambao Kenya na Tanzania walikubaliana kwa kuandikiana barua mwaka 1975 na 1976 unatokea hapo hapo ukaelekea mkondo wa Pemba.

Sasa vita. Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914. Mwisho wa mwaka huo wakasogea kutoka upande wa Vanga, wakavuka, wakashika Jasini, kwenye mashamba ya mkonge. Waliowekwa kulinda walikuwa askari wa Kihindi, wakiwemo wa Kashmir. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia na vikosi vyake vya askari. Siku mbili za joto, watu wamejibanza nyuma ya mkonge, maji yameisha, risasi zinaisha. Kamanda wa Kihindi, Kanali Raghbir Singh, akauawa. Tarehe 19 waliobaki wakasalimu amri, zaidi ya 200.

Mjerumani alishinda lakini hesabu ikamtisha. Risasi 200,000 zilitumika, na maofisa wake wengi walikufa. Yeye mwenyewe risasi ilimpita kwenye kofia na nyingine ikamjeruhi mkono. Baada ya Jasini ndipo akaamua asipigane tena uso kwa uso namna ile, akaenda kwenye kuvizia na kuvunja reli. Vita vilivyobaki, vile vilivyowamaliza wapagazi wetu kwa njaa na maradhi mpaka 1918, vilichukua sura yake hapo kwenye mkonge wa Jasini.

Sipendi tunavyoisimulia kama mchezo wa jenerali mmoja. Askari waliokufa pande zote walikuwa wa huku na wa Bara Hindi, na wanakijiji wa Jasini na Vanga walikimbilia mikokoni. Babu yangu mzaa baba alisimuliwa na baba yake kwamba mwezi ule hakuna aliyekwenda kuvua, kwa sababu mlio ulikuwa unafika baharini na samaki wenyewe walikuwa wamehama.

Mwl. Lungalunga

Ahsante Kisosora. Niongeze Mbaruk bin Rashid wa Gazi, wa ukoo wa Mazrui. Mwaka 1895 alipowaasi Waingereza pwani hii yote ilitetemeka, na mapigano yalifika huku Vanga. Alipoona amezidiwa, mwezi Aprili 1896 alivuka na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Yaani mpaka ambao haukuwa na miaka kumi, tayari ulikuwa unamwokoa mtu. Wanafunzi wangu wakisikia hilo hunyanyua vichwa. Wamezoea kusikia mpaka ni polisi na mizigo.

Na kwa huyo aliyesema magofu hakuna: Shimoni kuna pango la watumwa, linaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na hapo hapo ndipo ile kampuni ya Waingereza ya IBEA ilipoweka kituo. Ukitoka Vanga uende huko, kisha uvuke Wasini. Siku mbili zinakutosha.

Dada wa Pongwe

Mie nimeguswa na hilo la maji kuingia ndani. Kwa hiyo watu wanafanya nini? Wanahama?

Mtoto wa Moa

@Dada wa Pongwe, baadhi wamejenga juu zaidi kuelekea bara. Wengi hawataki. Mjomba anasema makaburi hayahami.

Lakini kuna jambo linafanyika na nimeliona kwa macho. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wana mradi wa mikoko unaoitwa Vanga Blue Forest. Wanalinda hekta 460 na kitu za mikoko na kupanda ilipokatwa, halafu ile hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti inauzwa kwa wanunuzi wa nje, na hela inarudi kwenye vijiji kwa mambo ya maji na shule. Walijifunza kwa jirani zao wa Gazi, ambao Mikoko Pamoja yao ilianza mwaka 2013.

Nilipanda nao asubuhi moja. Unachukua ile mbegu ndefu ya mkoko, kama kalamu ya kijani, unaichomeka topeni kwa ncha yake nzito, theluthi hivi iwe chini. Rahisi kwa macho. Kazi ni kujua *wapi*. Mama aliyekuwa akituongoza alikuwa akionja tope kwa kidole. Hapa mkoko, kule nyuma mkandaa, mbele kabisa kunakopigwa na wimbi mlilana. Ukikosea mstari, inakufa yote. Alisema miaka ya mwanzo walipanda mkoko kila mahali wakapoteza mingi, ndipo wakawarudia wazee kuwauliza msitu wa zamani ulikuwa umepangikaje.

Shida ya pili ni mto. Umba unatoka milima ya Usambara, kwetu Lushoto. Mvua ikipiga sana huko juu, Vanga inafurika hata kama hapajanyesha tone. Watu wa Vanga wanatazama mawingu ya nchi nyingine ili kujua walale au wakeshe. Nilimwambia mjomba kwamba nina rafiki Lushoto. Akaniuliza kama rafiki huyo ana simu, na kama anaweza kumpigia mvua ikianza. Nimewaunganisha. Sasa hivi wanapeana habari bila mimi.

Wasini Yetu

Hilo la simu ya Lushoto lingekuwa kazi ya serikali mbili, na nyinyi mmelifanya kwa vocha. Mola awalipe.

Maskati Qurum

Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Oman. Babu yangu alikuwa mfanyabiashara wa mangrofu, boriti za mikoko, akizipakia kwenye majahazi kuleta Ghuba. Nyumba za zamani za huku dari zake ni boriti za pwani yenu, na upana wa chumba umefuata urefu wa boriti. Kwa hiyo huyo mzee aliyesema mikoko ilikatwa, sehemu iko juu ya vichwa vyetu. Nasema hivi kwa unyenyekevu.

Katika karatasi za babu kuna jina la Vanga mara kadhaa, na jina la mtu aliyekuwa akimkusanyia boriti. Amemwandika kwa jina la kwanza na la baba yake tu. Je, inawezekana kumuuliza mzee yeyote pale? Nikutumie inbox?

Mtoto wa Moa

Wa aleikum salaam. Tuma inbox ndugu yangu, jina usiliweke hapa hadharani.

Kisosora

Mtoto wa Moa, bibi alizaliwa lini? Nauliza kwa sababu kabla ya uhuru, Vanga ilikuwa ndani ya ukanda wa Sultani, bendera nyekundu, liwali na kadhi. Oktoba 1963 ndipo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walipoandikiana barua ukanda ukaingia Kenya moja kwa moja. Moa yenu ilishauzwa toka 1890. Kama alizaliwa kabla ya hapo, basi bibi yako aliolewa kutoka kwa Sultani kuja Tanganyika!

Mtoto wa Moa

Alizaliwa zamani kabla ya hapo, mwaka wenyewe hakuujua. Alikuwa akisema "mwaka wa nzige". Bendera nyekundu aliikumbuka. Alisema Ijumaa ilikuwa ikionekana kutoka baharini, na wavuvi wakiiona wanajua saa ya kurudi imewapita.

Chumbageni Jr

Nimesoma mpaka hapa. Nilikwenda na gari la kazi, nikashuka, nikasaini karatasi, nikaondoka kabla ya saa tisa. Maji yaingie saa kumi nisiyaone. Mkuu nisamehe kwa maneno ya juu. Ukienda tena niambie.

Mtoto wa Moa

Hakuna ubaya kaka, nitakuita.

Wakuu, naongeza kitu kimoja kisha nipumzike. Mjomba kanipigia leo baada ya Alasiri. Lile jina la ndugu yetu wa Maskati nilimsomea jana usiku. Hakulijua, akasema ataliuliza msikitini. Leo kaniambia mzee mmoja wa Jimbo amelitambua, ni babu wa mke wake, na hodari wa kukata boriti bila kuua kisiki. Kaburi lake lipo na linajulikana.

Na nilisahau kuwaambia habari ya kaburi nililolifuata. Nilifika. Limezungushiwa mawe ya matumbawe, na kichwani kuna sahani ya kauri imepachikwa kwenye chokaa, kama walivyofanya wa zamani. Nilisoma Yasini. Kisha nikamuuliza mjomba swali la bibi, alilomuuliza yule mvuvi: nani alimwosha babu?

Akasema, "Nilimwosha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mama yako mkubwa alishika kitambaa cha pazia. Bibi yako tulimtafuta kwa mashua usiku, tukarudishwa Ras Jimbo."

Nilimpigia mama hapo hapo makaburini nikampa simu mjomba amwambie mwenyewe.